Faili la kesi ya ardhi, Essex, Massachusetts, 1664: mashahidi sita, hati ya mauziano haimo. Nalisomaje?

Kasiba aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua nyaraka za mahakama za Marekani ya kale.

Nina picha za faili moja la mgogoro wa mauziano ya ardhi kutoka kaunti ya Essex, Massachusetts. Ndani yake mna maelezo ya mashahidi sita, kila mmoja kwenye karatasi yake, watatu wa upande wa mdai na watatu wa upande wa mdaiwa. Mdai anadai aliuziwa ekari 20 kando ya kijito. Mdaiwa, ambaye ndiye mwenye ardhi wa mwanzo, anasema hakuuza, alimruhusu tu jirani yake aitumie. Majina nayaacha kwa sasa.

Mashahidi wanasema hivi. Wa kwanza alimsikia mdaiwa mwenyewe akisema kipande kile ameshakiuza na amelipwa ng'ombe mmoja na ngano. Wa pili alikuwepo mdaiwa alipompa mdai bonge la udongo na kijiti mkononi, "miaka 14 hivi iliyopita". Wa tatu alishika kamba siku ya kupima. Wa nne ni mke wa mdaiwa, anasema hakuridhia kamwe. Wa tano alimwona mdai akikata majani pale, lakini "kwa ruhusa". Wa sita alisikia kwa mtu mwingine kwamba malipo hayakumalizika.

Maswali yangu:

1. Karatasi zina tarehe 29: 9: 1664. Hii ni Septemba?
2. Bonge la udongo na kijiti ni desturi tu au lina uzito wa kisheria?
3. Vipimo ni 80 upande wa kijito, 72 upande wa pili, 40 kila ncha. Programu ya kusoma mwandiko na kutafsiri imeniandikia "nguzo". Nimejaribu kwa futi, napata sehemu ndogo sana ya ekari moja.
4. Watatu kwa watatu. Namwamini nani?

---

Mwandiko_wa_Kale alijibu:

Mkuu, tuanze na tarehe, kwa sababu ukiikosea hiyo utakwenda kutafuta hukumu kwenye kikao kisicho chenyewe.

Hiyo ni Novemba. Wapuritani wa Massachusetts, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali wa dini, waliyakwepa majina ya miezi yanayotokana na miungu ya Kirumi, wakaandika namba, na mwezi wa kwanza kwao ulikuwa Machi. Hesabu kuanzia hapo, wa tisa ni Novemba. Unaweza kuhakiki kwa njia mbili. Mahakama ya robo mwaka ya Essex ilikaa Salem mwezi Juni na Novemba, na Ipswich mwezi Machi na Septemba, kwa kawaida Jumanne ya mwisho. Kwa kalenda ya Julius, ambayo makoloni ya Uingereza yaliitumia hadi 1752, tarehe 29 Novemba 1664 ilikuwa Jumanne ya mwisho ya mwezi. Tarehe 29 Septemba ilikuwa Alhamisi. Njia ya pili ni sahihi ya karani: ukiona Hilliard Veren uko Salem, ukiona Robert Lord uko Ipswich.

Jihadhari pia na mwaka. Mwaka wao ulianza 25 Machi. Karatasi ya 4: 12: 1664 kwetu ni 4 Februari 1665, ndiyo maana baadhi ya makarani waliandika 1664/65. Ukinukuu, andika tarehe kama ilivyo kwenye karatasi, kisha weka ya kwako pembeni. Usiongeze zile siku 10 ambazo kalenda ya Julius ilikuwa nyuma ya kalenda yetu ya leo. Ukifanya hivyo, tarehe zako hazitalingana tena na vitabu vya mahakama na mtu anayekufuata atapotea.

Sasa karatasi yenyewe. Ushahidi wa namna hii una sehemu tatu. Kichwa kina jina la shahidi na umri, karibu kila mara "wa miaka 40 hivi", "wa miaka 55 hivi". Neno "hivi" lichukulie kwa uzito: watu walikadiria, na umri ulijazana kwenye makumi na matano, kwa hiyo achia nafasi ya miaka mitano kila upande kabla ya kusema huyu ndiye fulani aliyezaliwa mwaka fulani. Katikati kuna mwili, ulioandikwa na karani, na jirani ajuaye kuandika, au na mtu wa upande uliomleta shahidi. Ndiyo maana mashahidi wawili wa upande mmoja hutumia maneno yaleyale neno kwa neno. Si lazima iwe njama. Mara nyingi ni mkono mmoja uliowaandikia wote wawili. Mwisho kuna mstari wa kiapo, na huu ndio watu wengi huuruka.

Mstari wa kiapo huwa na wino tofauti na mwandiko tofauti. Utasema ameapa mahakamani, au ameapa mbele ya hakimu fulani, kwa Essex ya miaka hiyo pengine William Hathorne au Daniel Denison. Au hautakuwepo kabisa. Sheria za koloni zilizochapishwa 1648 ziliruhusu hakimu mmoja kuchukua ushahidi wa mtu yeyote wa miaka 14 na kuendelea, mwenye akili timamu na sifa njema. Lakini shahidi aliyekaa ndani ya maili 10 kutoka mahakamani, na si mgonjwa, alitakiwa awepo mwenyewe ili aulizwe zaidi, la sivyo karatasi yake haipokelewi. Kwa hiyo, kwa kila mmoja wa hao sita tafuta mambo mawili: aliapa wapi, na aliishi umbali gani.

Halafu geuza kila karatasi. Zilikunjwa na kufungwa pamoja, na karani aliandika nyuma, kwenye pande la nje lililochakaa kuliko mengine, jina la kesi na karatasi ni ya nani. Ukipewa picha za mbele tu, omba za nyuma. Maneno matatu ya nyuma yanaweza kukuambia kwamba shahidi uliyemweka kwa mdai aliletwa na mdaiwa.

Kuhusu mwandiko: herufi y katika "ye" na "yt" inasimama badala ya th, kwa hiyo ni the na that. Herufi p yenye mstari mguuni ni kifupisho cha per, par au pro. Namba za Kirumi humalizia kwa j, hivyo viij ni 8. Na usiiachie programu namba hata moja. Maneno inayasoma vizuri kiasi, namba zinaiponyoka, hasa pale neno linapokatika mwisho wa mstari.

---

BintiSheria alijibu:

Swali lako la pili ndilo kesi yenyewe, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Bonge la udongo na kijiti ni makabidhiano ya ardhi kwa sheria ya Kiingereza. Kwa karne nyingi Uingereza ardhi haikuhama kwa karatasi, ilihama kwa kitendo. Muuzaji na mnunuzi walisimama juu ya ardhi yenyewe, muuzaji akachimbua kipande cha udongo wenye majani, akavunja kijiti cha mti uliopo pale, akavitia mkononi mwa mnunuzi huku akitamka kwamba anamkabidhi ardhi yote kwa jina la sehemu hiyo. Ikiwa kuna nyumba, alishikishwa kitasa cha mlango, wengine wakatoka, akafunga na kufungua. Mashahidi walisimama pale kwa makusudi, ili miaka ikipita wawe na cha kusema mahakamani. Shahidi wako wa pili anafanya kazi aliyoitiwa miaka 14 kabla.

Sasa hiyo miaka 14. Toa kutoka 1664, unapata 1650. Oktoba 1652 Mahakama Kuu ya koloni (General Court, ambayo ndiyo iliyokuwa bunge lake) ilitunga sheria kwamba tangu wakati huo mauzo ya nyumba na ardhi hayatahesabiwa kuwa halali pasipo hati ya maandishi yenye sahihi na muhuri, iliyokabidhiwa pamoja na umiliki, au hati iliyokiriwa na kusajiliwa. Mapatano ya 1650 yalitangulia sheria hiyo, na mdai anaweza kusimama juu ya udongo, kijiti na malipo. Mapatano ya mwishoni mwa 1652 hayaokoki bila hati. Neno "hivi" baada ya 14 ndilo lililobeba ekari zote 20. Soma tena mashahidi wa mdaiwa utafute kama kuna anayesema miaka 10 au 12. Kisha tafuta tukio lolote lililotajwa ambalo unaweza kulipa tarehe kwa njia nyingine: kifo cha jirani, ndoa, kujengwa kwa nyumba ya ibada, mwaka mtu fulani alipohamia mji.

Kuna amri ya 1640 ambayo watu huichanganya na hiyo. Ilisema kwamba pale muuzaji anapobaki na umiliki, mauzo yasiyosajiliwa hayana nguvu juu ya mtu mwingine yeyote isipokuwa muuzaji mwenyewe na warithi wake. Ilikusudiwa kumlinda mtu wa tatu asiuziwe ardhi iliyokwisha kuuzwa kimyakimya. Hapa wanaogombana ni muuzaji na mnunuzi wake, kwa hiyo mdaiwa hawezi kujificha nyuma ya kutosajili. Lakini siku mdaiwa atakapomwuzia mwingine, hoja inabadilika, na ushahidi wa nani alikaa pale unakuwa na thamani mpya.

Na tafadhali usiilete sheria ya Bunge la Uingereza dhidi ya udanganyifu katika mikataba. Hiyo ni ya 1677. Nimeona maelezo ya kesi za miaka ya 1660 yakipimwa kwa sheria ambayo haikuwa imezaliwa.

Mke wa mdaiwa. Anaposema hakuridhia, havunji mauzo. Analinda theluthi yake. Sheria ya koloni ya 1647 ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi za mumewe kwa maisha yake yote, isipokuwa kama aliiachilia. Mume aliweza kuuza bila yeye, ila mnunuzi aliichukua ardhi ikiwa na deni hilo juu yake, linalosubiri mume afe. Kwa hiyo ushahidi wake unaweza kuwa kweli tupu na bado usimsaidie mumewe. Zaidi ya hapo, mtu hakatai kuridhia jambo ambalo halikufanyika. Akisema hakuridhia mauzo, amekaribia kukiri kwamba kulikuwa na mauzo. Soma maneno yake kamili mara mbili.

Kwa swali la nne: usihesabu vichwa. Jiulize kila shahidi ameletwa kuthibitisha nini. Kuna mapatano, malipo, makabidhiano, mipaka na matumizi. Wa kwanza anathibitisha mapatano na malipo, na alichosikia kilitoka kinywani mwa mdaiwa mwenyewe, kinyume na maslahi yake. Wa sita naye "alisikia", lakini kwa mtu wa pembeni. Wote wawili wametumia neno moja, uzito wao ni mbingu na ardhi. Wa tano ameona jambo moja, majani kukatwa, na amelitia maelezo, kwamba ni kwa ruhusa. Alijuaje? Kama karatasi haisemi, lililobaki ni majani kukatwa, na hilo linamfaa mdai.

Ng'ombe na ngano visikushangaze. Sarafu zilikuwa adimu, koloni lilianza kufua zake Boston 1652, na watu walilipana kwa mazao na mifugo kwa bei zilizokubalika. Tafuta bei ya ng'ombe kwenye orodha za mali za marehemu za Essex za mwaka 1650 au karibu yake, ulinganishe na bei ya ekari 20. Hapo utajua kama "hayakumalizika" ni dai lenye uzito au ni senti za mwisho. Kumbuka peni 12 ni shilingi moja, shilingi 20 ni pauni moja.

---

Mnyororo66 alijibu:

Nachukua swali la tatu.

Hizo nguzo ni kipimo. Pole (kwa Kiingereza pia "nguzo"), rod na perch ni majina matatu ya urefu mmoja: futi 16 na nusu, yaani mita 5.03. Rodi 320 ni maili moja. Ekari ni rodi za mraba 160, na ukiona rood katika hati za zamani, hiyo ni robo ya ekari, rodi za mraba 40. Mnyororo wa kupimia ardhi wa Edmund Gunter, wa 1620, ni futi 66, yaani rodi 4 kamili, una pete 100, na ekari moja ni minyororo ya mraba 10. Lakini shahidi wako anasema kamba, na huko vijijini miaka hiyo kamba au ufito ndiyo iliyokuwa karibu. Kamba ya katani ikilowa hufupika, na kamba fupi inahesabu rodi nyingi kuliko zilizopo.

Tuweke namba zako. Wastani wa 80 na 72 ni 76, mara 40 ni 3,040, gawa kwa 160, unapata ekari 19. Hata hiyo 19 ni ukarimu. Pande nne peke yake, bila pembe na bila ulalo, hazifungi umbo. Unaweza kulilaza kama fremu iliyolegea, na kadiri linavyolala eneo linapungua. Eneo kubwa kabisa linalowezekana kwa 80, 40, 72 na 40 ni rodi za mraba 3,025 hivi, ekari 18.9. Kwa namba hizi haifiki 20 hata ufanyeje.

Sababu zaweza kuwa nyingi. Hati za wakati huo ziliandika "zaidi au pungufu" na zilimaanisha hivyo. Upande wa kijito huenda ulipimwa kwa kufuata mikunjo ya maji, na hapo mstari ulionyooka ni mfupi zaidi. Ila kabla ya yote hayo ningeitazama tena namba 80 kwenye picha, kwa ukaribu. Ingekuwa 88, wastani ni 80, mara 40 ni 3,200, na hiyo ni ekari 20 bila hata robo kuzidi. Hesabu inayotoka safi namna hiyo inanitia shaka na usomaji wako, si na wapimaji.

Ukishapata namba, usizipe cheo kuliko alama. Mahakama za Marekani zilikuja kushika mpangilio ambao mpimaji yeyote wa mipaka anaujua: alama za asili kama kijito na mwamba kwanza, kisha alama za watu kama jiwe lililosimikwa au mti uliochanjwa kwa shoka, kisha mpaka wa jirani, halafu mwelekeo wa dira, kisha urefu, na eneo la ekari mwisho kabisa. Ekari hukosewa kirahisi kuliko chochote. Kijito hakikosewi kirahisi, ingawa huhama.

Kama kuna mwelekeo wa dira, usiuweke juu ya ramani ya leo kama ulivyo. Kaskazini ya sumaku inahama kwa digrii kadhaa katika karne, na kosa la digrii moja kwa umbali wa maili moja linakupeleka pembeni futi 92.

---

Kasiba aliandika:

Wakuu, ahsanteni sana. Nimeomba picha za nyuma na nimekuza zile za mbele.

Mnyororo66, ulivyoshuku ndivyo ilivyo. Mwisho wa mstari imeandikwa "fower score", yaani ishirini nne, na mwanzo wa mstari unaofuata "& eight", sehemu ambayo karatasi imekunjwa na wino umefifia. Programu iliishia kwenye 80. Ni 88.

Nyuma ya karatasi ya pili karani ameandika kwamba shahidi ameapa mahakamani, na sahihi ni ya Veren. Ya kwanza na ya tatu vilevile. Ya nne, ya mke, aliapa mbele ya hakimu. Ya tano haina kiapo popote, mbele wala nyuma. Ya sita ni nakala, ina maneno ya karani kwamba ni nakala ya kweli. Na mke anasema "sikuridhia uuzaji huo wala kutia mkono wangu", hayo ndiyo maneno yake.

Mwelekeo wa dira haupo. Kuna mwaloni mweupe kwenye kona na ardhi za majirani wawili waliotajwa kwa majina. Hukumu siioni kwenye faili. Natafuta wapi?

---

BintiSheria alijibu:

Hukumu haikai kwenye faili. Faili ni karatasi zilizoletwa na wenye kesi, kitabu cha mahakama ni cha karani. Nenda kwenye kitabu cha kikao cha Salem, Novemba 1664, utafute majina ya wawili hao. Utakuta mistari miwili au mitatu: aina ya shauri, juri (raia walioteuliwa kuamua kesi) imempa nani, kiasi gani, na gharama. Juri haikueleza sababu, usitegemee kuzipata. Ikiwa kuna rufaa kwenda Mahakama ya Wasaidizi huko Boston, ndiyo bahati yako, kwa sababu aliyekata rufaa alilazimika kuandika sababu zake na mwenzake akazijibu. Huko ndiko utakakosikia hoja ya 1652 ikitajwa wazi, kama ilitajwa.

Kuwa makini na vitabu vya kumbukumbu za Essex vilivyochapishwa kuanzia 1911. Ni kazi kubwa na inafaa sana kutafutia, lakini ushahidi mwingi umefupishwa. Kirai kama hicho cha mke, "uuzaji huo", ndicho kinachoweza kudondoka mtu anapofupisha. Miaka ya 1930 mafaili yalichapwa kwa taipu neno kwa neno, na nakala hizo ni bora zaidi, ila nazo zilinde kwa picha ya karatasi yenyewe.

Kwa hati, usitafute 1650 tu. Watu walisajili baada ya miaka 10, 20, wakati mwingine wajukuu ndio waliosajili walipotaka kuuza. Pitia faharasa ya wauzaji na ya wanunuzi pia, kwa tahajia zote za jina unazoweza kufikiria, na kumbuka Ipswich ilikuwa na vitabu vyake vya hati mbali na vya Salem. Picha za vitabu hivi zinapatikana FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba. Ukikosa, tafuta wale majirani wawili. Jirani akiuza ardhi yake 1670 na mpaka wake ukasema unapakana na ardhi ya mdai, hapo una jibu la nani alikuwa na kipande kile, kutoka kwa mtu asiye na upande.

Karatasi ya tano isiyo na kiapo iandike kwenye maelezo yako kama ilivyo, isiyo na kiapo. Iliwasilishwa, lakini huwezi kusema juri iliizingatia. Ya sita, kwa kuwa ni nakala, uliza imenakiliwa kutoka wapi. Nakala mara nyingi ni dalili kwamba kuna kesi nyingine kati ya watu haohao.

---

Mwandiko_wa_Kale alijibu:

Naongeza jambo moja ambalo halijatajwa na lisingefaa kuachwa. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya hao wawili. Juni 1638 Masconomet, mkuu wa watu wa Agawam, alimwuzia John Winthrop mdogo haki zake zote za Ipswich kwa pauni 20. Kwa Salem, hati ya wenyeji ilikuja 1686, karibu miaka 60 tangu walowezi wafike, wakati serikali mpya ya mfalme ilipoanza kutilia shaka umiliki wa ardhi katika koloni lote. Miji ikakimbilia warithi wa machifu kupata sahihi.

Katika miaka hiyo wazee wenyeji nao walitoa ushahidi kuhusu nani alikuwa chifu wa wapi na nani mrithi wa nani. Ukizikuta karatasi hizo, soma kwa tahadhari mbili. Maneno yamepita kwa mkalimani kabla ya kufika kwa karani, na karani ameyavika msamiati wa sheria ya Kiingereza ambao haukuwa wa msemaji. Na ile alama iliyochorwa mahali pa sahihi usiipite kama mkwaruzo wa asiyejua kusoma. Ichore, itunze, ilinganishe na hati nyingine. Wengine walitumia alama moja kwa miaka mingi.

---

Mnyororo66 alijibu:

Kasiba, 88 imenifurahisha kweli. Sasa unajua walivyokokotoa: wastani wa pande mbili ndefu mara upana. Ukitaka ukali wa jiometria, eneo kubwa kabisa kwa 88, 40, 72 na 40 ni ekari 19.6, lakini mtu mwenye kamba shambani alipiga 80 mara 40 akaandika 20. Namba za shahidi wa tatu na ekari za mdai zinashikana. Hilo halithibitishi mauzo, linathibitisha kwamba kulikuwa na kupima, na mtu hapimi kwa kamba na shahidi ardhi anayomwazima jirani akate majani.

Kuhusu mwaloni mweupe: kwa Essex ya leo usitegemee kuukuta. Ila njia ya kuhoji miti inafaa kuijua, maana utaikuta kwenye kesi za baadaye, hasa Kentucky. Kule, chini ya sheria ya ardhi ya Virginia ya 1779, mlowezi alipata ekari 400 kwa kukaa na haki ya kununua 1,000 zaidi jirani, na madai yakalaliana kama vigae vya paa. Mashahidi walipelekwa hadi kwenye mti wenyewe na ushahidi ukaandikwa pale. Walikata kipande cha shina penye chanjo ya shoka, wakahesabu pete za ukuaji zilizoufunika ule mkato. Pete 16 juu ya chanjo, upimaji ni wa miaka 16 iliyopita. Mti hauna "hivi".

Majina ya mahali pia yalithibitishwa kwa kiapo. Mwaka 1796 Daniel Boone, mwindaji na mlowezi maarufu wa Kentucky, alieleza kwamba 1770 walipiga kambi kwenye Red River na wenzake wakiwa na kitabu cha safari za Gulliver, na mmoja wao akakipa kijito jina la Lulbegrud kutokana na kitabu hicho. Inaonekana ni hadithi ya kando ya moto, lakini mahakama ilihitaji kujua kijito kinachoitwa hivyo kwenye karatasi ni kipi na kiliitwa hivyo tangu lini.

Na ile kanuni ya maili 10 aliyoitaja Mwandiko haikufa. Sheria ya mahakama za shirikisho ya 1789 iliruhusu ushahidi wa maandishi kwa shahidi anayeishi zaidi ya maili 100 kutoka mahali pa kesi. Ukisoma faili la miaka hiyo, umbali wa nyumba ya shahidi bado ni swali la kwanza.

---

Kasiba aliandika:

Nimeelewa. Naanza na kitabu cha kikao cha Novemba, kisha majirani wawili kwenye faharasa ya hati. Mke wa mdaiwa nimfuatilie vipi?

---

BintiSheria alijibu:

Tafuta mwaka aliokufa mumewe, halafu faili la mirathi. Theluthi ya mjane ilitengwa na watu walioteuliwa na mahakama, na wanaandika vipande kimoja kimoja. Kijito na mwaloni mweupe vikiwa ndani ya orodha ya mali ya marehemu, basi ardhi haikutoka mikononi mwao. Visipokuwemo kwenye orodha, lakini mjane akamdai mdai au warithi wake theluthi ya ekari hizo 20, umepata mauzo yako, na aliyeyathibitisha ni shahidi wa nne.